Safari Yetu ya Luanshya, na Habari za Nyumba za Wachimbaji

Hapana shaka wengi wenu mnaye babu au mjomba aliyeondoka zamani kwenda kutafuta kazi ya mgodi katika nchi za kusini, na wengine katika hao hawakurudi. Mwezi huu twataka kuwasimulia safari tuliyoifanya mwaka 2018 mpaka Luanshya, mji wa shaba katika nchi ya Zambia. Tutaeleza tuliyoyaona juu ya nyumba za wachimbaji, na jinsi serikali zilivyoziwekea amri nyumba hizo tangu zamani. Tena hatutaficha sababu iliyotupeleka huko, ingawa si sababu ya kujisifia.

Mwaka 2016 alifariki baba mdogo wetu, aliyefanya kazi ya mgodi tangu mwaka 1966 hata mwaka 1998. Hakuandika wosia. Aliacha mke, watoto wanne, na nyumba moja ya matofali yenye hati. Kwetu Rungwe desturi ya wazee ni kwamba mali ya mtu humwendea kwanza ndugu yake wa tumbo moja, ndipo baadaye watoto. Basi wazee wa ukoo wakakaa barazani kwa baba yetu mkubwa, wakatuita, wakasema, “Kule kuna nyumba, na nyumba ile ni ya ukoo. Wewe umesoma, nenda ukaiuze, ulete fedha zigawanywe.” Nasi tukaitika. Twasema wazi kwamba hatukubisha hata neno moja. Paa la nyumba yetu lilikuwa likivuja upande wa jikoni, na fungu letu tulikwisha kulihesabia bati kabla ya kukata tiketi.

Tulifuatana na kijana mmoja wa ukoo, ambaye yeye hesabu yake ilikuwa pikipiki.

Tulipanda gari la moshi Mbeya. Reli ile ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo yatoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860. Tulipopita Tunduma na Nakonde, tukaingia katika pori la miombo lisilokwisha, mti kwa mti, siku na usiku, tukamkumbuka babu yetu aliyeipita nchi ile kwa miguu akiwa na blanketi na kibuyu, kabla hatujazaliwa sisi wala baba yetu. Wanaume wengi wa Unyakyusa walikwenda hivyo, wakitafuta fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari.

Katika behewa letu alikuwamo mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi, anarudi kwake na vitenge. Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, nasi mwanzo tulimwomba aseme polepole, naye akatuomba vivyo hivyo. Alipojua tunakwenda kwa habari ya nyumba ya mchimbaji alicheka, akasema baba yake naye alizaliwa katika kambi ya kampuni. Wabelgiji, tangu yapata mwaka 1928, waliona kuwa kuwabadili watu kila baada ya miezi michache ni hasara, ndipo kampuni ya Union Minière ikaanza kuandika watu kwa mikataba ya miaka mitatu, ikawataka waje na wake zao, ikawajengea nyumba, ikawapa posho, ikafungua shule na hospitali. “Kwetu watu walisema kampuni ni baba,” alisema yule mama. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, “Lakini baba akifa, watoto wanabaki na nyumba yake. Kampuni ikianguka, nani anabaki na nini?” Tuliona ni maneno ya safarini tu, tukaendelea kula karanga zake.

Kutoka Kapiri Mposhi tulipanda basi. Luanshya si mbali na Ndola. Ni mji wenye miti mingi, wenyewe huuita mji wa bustani wa Copperbelt, na njia zake katika mitaa ya zamani ya Wazungu ni pana na zina kivuli. Habari zake za mwanzo si za bustani. Shaba iligunduliwa huko mwaka 1902 na mtu aliyeitwa William Collier, nao husimulia kwamba alimpiga risasi korongo, naye mnyama akaanguka juu ya jiwe lenye rangi ya kijani ya shaba. Ndiyo sababu mgodi uliitwa Roan Antelope, kwa jina la mnyama huyo. Kazi ilipoanza kupamba moto, watu waliokuja kujenga wakafa wengi, hata ikasemekana mna nyoka katika mto Luanshya alaye watu, na wengine wakakimbia. Mwaka 1929 mgodi ukawaita wataalamu wa Ross Institute ya London, na mkuu wao Malcolm Watson, daktari aliyepigana na malaria huko Malaya. Wakakausha mabwawa na kusafisha kingo za mto, wala yule nyoka hakusikika sana tena. Mwaka 1931 mgodi ukaanza kutoa shaba.

Tulifika mtaa wa wachimbaji jua linashuka. Nyumba zimepangwa safu safu, zote zilikuwa ndugu mapacha zamani, lakini sasa kila moja ina sura yake: hii imeongezwa chumba mbele, hii imezungushwa ukuta, hii imefunguliwa dirisha la duka, na mbele ya nyumba nyingi vimesimama vibanda vya kuuzia sabuni na nyanya, wenyewe huviita tuntemba. Tukaulizia, mtoto akatuongoza.

Mama mdogo alitupokea mlangoni kwa kupiga magoti, akapiga makofi polepole kama ilivyo adabu ya wanawake wa huko, akasema, “Mwapoleni mukwai.” Kisha akatuamkia kwa Kiswahili alichofundishwa na marehemu. Nasi tukamwambia shikamoo, maana ndiye mama yetu. Sebuleni tuliona jambo la kushangaza. Sufuria zimefungwa pamoja kwa kamba. Godoro limekunjwa limesimamishwa pembeni. Nguo zimetiwa katika mifuko miwili, na picha ya arusi imetolewa ukutani, imefungwa katika kitambaa. Tulidhani labda mama yuko katika kusafisha nyumba, au anakwenda kwa binti yake Ndola. Tukala ugali, wao huuita nshima, pamoja na kapenta, ambao ni dagaa wale wale wa ziwa Tanganyika. Yule kijana alianza kutazama dari na kuhesabu vyumba kwa kidole, hata tukamkanyaga mguu.

Usiku ule hatukusema neno la nyumba.

Asubuhi alikuja jirani, mzee aliyefanya kazi zamu moja na baba mdogo chini ya ardhi miaka mingi. Akatutembeza. Mzee huyu alizaliwa katika mtaa ule ule, na baba yake alikuja mwaka 1930, hivyo alijua mambo mengi, na hadithi zake zilitufundisha kuliko kitabu.

Alituambia hivi. Katika siku za kwanza serikali ya Waingereza haikutaka Mwafrika awe mtu wa mji. Ilisema mahali pake ni kijijini kwa jumbe wake, mgodini amekuja kuazima mikono yake tu, na siku zikitimia arudi. Kwa hiyo haikuona haja ya kumwekea njia ya kununua nyumba wala kiwanja. Nyumba ilikuwa ya kampuni, vibanda vya matofali mabichi, nayo ilifungamana na kazi kama koleo na kofia. Ukipata kazi wapewa. Ukipanda cheo wahamia kubwa kidogo. Ukiacha kazi, au ukifukuzwa, au ukifa, inarudishwa apewe mwingine. Migodi yenyewe iliona upesi kuwa mtu mwenye mke hukaa muda mrefu na kufanya kazi vizuri, hata baadhi yake ikaruhusu wake mapema. Serikali ndiyo iliyokuwa na hofu zaidi. Iliogopa vijiji vitabaki vitupu, tena iliogopa wazee wasio na kazi watabaki mjini na kuwa mzigo wake.

Mwezi wa Mei mwaka 1935 kodi ya vichwa ilipandishwa kwa watu wa miji ya migodi, wakagoma Mufulira, wakagoma Nkana, na hapo Luanshya polisi wakapiga risasi, wakafa watu 6. Mzee alituonyesha upande ilikotokea, akapita haraka. Baba yake alikuwapo, naye hakupenda kuisimulia.

Baada ya vita kuu ya pili mawazo yakaanza kugeuka. Mwaka 1948 ikatungwa sheria ya nyumba za Waafrika mijini, ikikiri sasa kwamba mfanyakazi aweza kukaa mjini na mkewe na watoto wake, na kwamba waajiri na halmashauri za miji wana wajibu juu ya makao yao. Nyumba zikajengwa nyingi zaidi, za matofali ya kuchoma na saruji, zenye vyumba. Ikawa Luanshya ina miji miwili ndani ya mji mmoja: mitaa ya mgodi, yenye maji na taa na zahanati ya mgodi, na mitaa ya halmashauri kama Mikomfwa, kwa makarani na waashi na wauza duka. Walakini kamba ile ya zamani haikukatwa. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko kibanda, lakini bado ilikuwa ya kazi.

Zambia ikapata uhuru mwaka 1964. Mwaka 1969 Rais Kaunda akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi, na mwaka 1982 migodi yote ikaunganishwa kuwa kampuni moja kubwa, ZCCM. Sasa mwenye mgodi ni serikali, na mwenye nyumba ni serikali pia. “Siku zile,” alisema mzee, “taa ikiungua huinunui. Unakwenda ofisini, wanakuja kuitia nyingine. Bomba likivuja, wanakuja. Hatukujua nyumba inakula fedha.” Tulipomwuliza kama watu hawakutamani nyumba yao wenyewe, alicheka, akasema walitamani siku mbili tu katika maisha: siku ya kuacha kazi na siku ya kufa.

Wenzetu wa Shinyanga wataelewa maneno haya kuliko sisi, maana Mwadui nako, tangu Williamson alipogundua almasi mwaka 1940, pakawa mji ndani ya uzio, nyumba na shule na hospitali vyote vya mgodi.

Shaba iliposhuka bei na migodi ikawa hasara, serikali ya Rais Chiluba, iliyoingia mwaka 1991, ikaamua kuiuza. Mwaka 1996 ikatoa mpango wa taifa wa nyumba, na katika miaka ile ile ikaamuru nyumba za serikali, za halmashauri na za migodi ziuzwe kwa wale wanaokaa ndani yake. Jambo hili lilikuwa kubwa sana. Karibu miaka 70 mchimbaji aliambiwa kuwa nyumba si yake, sasa aliambiwa ainunue. Wachimbaji wengi hawakutoa fedha taslimu: bei ilikatwa katika kiinua mgongo chao. Mtu alitoka mgodini na nyumba mkononi, na mfukoni kimebaki kidogo.

Je, ni heri au ni shari? Mzee hakutujibu moja kwa moja, nasi hatuwezi kujibu kwa ajili yake. Alituonyesha nyumba tatu. Ya kwanza mwenyewe aliiuza upesi kwa mgeni, akaenda kulima, na sasa hana nyumba wala shamba. Ya pili imepasuka ukuta, choo kimeziba, maji yanakuja kwa hati ya kulipa kila mwezi, na mwenyewe hana mshahara. Ya tatu ni ya mjane auzaye maandazi, amepangisha vyumba viwili kwa mwalimu, na kwa kodi ile amesomesha watoto. Nyumba zote tatu zilikuwa sawa siku ya kununuliwa. Mgodi wenyewe uliuzwa mwaka 1997, mnunuzi akashindwa mwaka 2000, watu wakakaa bila mishahara. Na wengi waliopona njaa miaka ile walipona kwa chumba cha kupangisha na mchicha wa nyuma ya nyumba. Hilo mzee alilisema mara mbili.

Jumapili tulikwenda kusali. Kanisa lile zamani lilikuwa kilabu cha pombe cha mgodi. Mgodi ulipoziacha nyumba zake za starehe, nyingine zikawa shule na nyingine makanisa, na hapo mahali pa kugawia pombe pamewekwa meza ya Bwana. Tuliombwa kusema neno, tukasema juu ya wajane na yatima. Mtasema tulikuwa na uso mkavu, nasi hatubishi. Mama mdogo alikaa benchi la tatu, hakuinua macho.

Usiku ule alikuja binti yake wa kwanza, aliye muuguzi Ndola. Yule kijana wetu hakuweza kungoja tena, akasema, “Mama, sisi tumetumwa habari ya nyumba.” Mama mdogo akainuka bila neno, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani mlikuwamo barua ya kuuziwa nyumba ya mwaka 1997, karatasi ya hesabu ya kiinua mgongo inayoonyesha kilichokatwa, na hati yenyewe, imekunjwa mara nne. Akaviweka mezani mbele yetu, kisha akavisogeza karibu zaidi kwa vidole viwili.

Akasema, “Mwanangu, vitu vyangu nimekwisha kuvifunga. Mliponiandikia kuwa mnakuja, nilivifunga siku ile ile. Nilidhani mmekuja na lori.”

Hapo ndipo tulipoelewa habari ya sufuria na godoro. Tuliona haya hata masikio yakapata moto.

Tukamwuliza, kwa nini lori? Naye akatueleza jambo ambalo marehemu alimsimulia mara nyingi usiku. Mwaka 1958 babu yetu alikufa kwa ajali katika mgodi mmoja wa upande ule, ambao hatutautaja. Bibi yetu alikuwa na watoto, na baba mdogo alikuwa na miaka 11. Matanga hayajaisha, akaja karani na orodha, akasema nyumba imekwisha kupata mtu mwingine, na lori litakuja baada ya siku chache. Likaja. Wakapakiwa pamoja na vyombo vyao, wakarudishwa Rungwe, mahali ambapo wale watoto walikuwa hawajapaona kwa macho. Karani hakuwa mtu mbaya, alisema mama mdogo, aliwasaidia hata kupandisha kitanda. Ilikuwa ndiyo amri. “Ndiyo maana mume wangu alipoambiwa anunue nyumba hii, alisema, wakate zote. Alisema, nikifa, wewe hutapanda lori.”

Binti yake ndiye aliyejibu kwa ukali, na ukali wake ulikuwa wa haki. Alisema Zambia ina sheria ya mirathi ya watu wafao bila wosia, ya mwaka 1989. Mali ya marehemu hugawanywa mafungu 100: watoto hupata 50, mjane 20, wazazi wa marehemu 20, na wategemezi wake 10. Nyumba ya kukaa ni ya mjane na watoto, na mjane hukaa humo maisha yake yote asipoolewa tena. Mtu amnyang'anyaye mjane fungu lake ana kosa mbele ya hakimu. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu jamaa za marehemu walizoea kuja baada ya mazishi na kubeba kila kitu, vitanda, vijiko, hata mapazia. Ndugu wa marehemu hawatajwi kabisa katika mafungu yale, isipokuwa awe mtu aliyekuwa akitunzwa naye.

Tukamgeukia mama mdogo, tukamwuliza, “Ikiwa sheria iko upande wako, mbona umefunga vitu?”

Akasema, “Sheria iko Lusaka, mwanangu. Shemeji yuko mlangoni.”

Tulilala kidogo sana usiku ule. Tulikuwa tumetembea siku mbili na yule mzee, tukihuzunika juu ya kampuni na serikali za zamani, jinsi zilivyomtoa mjane katika nyumba ya mumewe kwa sababu nyumba ilifuata kazi ya mwanamume. Serikali ikaja ikaikata kamba ile, ikampa mwanamume hati. Na sasa hakuna karani tena mwenye orodha. Karani tulikuwa sisi, na orodha ilikuwa mfukoni mwetu: bati 12, na pikipiki.

Asubuhi, siku ya Jumatatu, tulifanya jambo tusilotumwa. Tulifuatana na mama mdogo na binti yake mpaka mahakamani, tukasema mbele ya karani kwamba sisi ni wa ukoo wa marehemu kutoka Tanzania, wala hatuna neno binti huyu akiwekwa kuwa msimamizi wa mali ya baba yake. Karani akatutazama juu ya miwani, akauliza kama tumelazimishwa. Tukasema la. Akasema kwa miaka yake yote ofisini hajaona jamaa waliosafiri mbali namna ile kuja kusema maneno hayo, akatupa karatasi tutie sahihi. Yule kijana alikataa kutia sahihi yake. Alikaa nje chini ya mwembe, na njiani kurudi hakusema nasi mpaka Kapiri Mposhi.

Tulipoaga, mama mdogo alikuwa amekwisha kufungua sufuria, na picha ya arusi imerudi ukutani. Alitupa kofia ngumu ya mgodi ya marehemu na viatu vyake, akasema, “Hivi ndivyo vya ukoo.” Akatufungia na kapenta.

Sasa imebaki kuwaeleza jinsi tulivyopokewa nyumbani. Twakiri kwamba njia nzima tulitunga maneno, na kila tulipoyarudia yalizidi kuwa dhaifu. Wazee walikutana barazani kama siku ile ya kwanza. Baba mkubwa, mwenye miaka 75 wakati ule, alikaa na fimbo yake katikati ya magoti. Kijana alitangulia kusema, akasema tumeitoa mali ya ukoo kwa wanawake. Wazee wawili wakaguna. Nasi tukaieleza sheria ya Zambia, na mafungu yake, wakaguna zaidi, mmoja akasema sheria za watu wengine hazivuki Tunduma. Ndipo tukaacha habari ya sheria, tukawaambia habari ya godoro lililokunjwa, na sufuria zilizofungwa kwa kamba, na jinsi mjane alivyodhani tumekuja na lori.

Baba mkubwa aliinua kichwa. Tulikuwa tumesahau, au labda hatukuwahi kufikiri, kwamba mwaka 1958 yeye alikuwa kijana wa miaka 15, naye alipanda lori lile. Hakuwahi kutusimulia. Alikaa kimya muda mrefu, hata mtu mmoja akatoka kwenda kufukuza mbuzi akarudi.

Mwisho akasema, “Nyuma ya nyumba mama alipanda maboga. Yalikuwa saba. Tulitaka kuyachuma tuje nayo, akatukataza, akasema hayajakomaa.”

Kisha akanyosha mkono, akaiomba ile kofia ya mgodi, akaishika magotini. Yule kijana akafumbua kinywa kusema tena juu ya fedha, baba mkubwa akamwambia aende akalete maji ya kunywa kwa wageni waliotoka safari.